Kuipamba Nyumba Kabla Haijajengwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



 Katibu aliponiuliza nitazungumza juu ya nini, nilimjibu kwamba nitazungumza juu ya kazi yangu, yaani kupanga na kupamba nyumba za kisasa ndani ya kompyuta kabla hazijajengwa. Katibu alinitazama kidogo, kisha akaandika. Bila shaka baadhi yenu nanyi mnajiuliza jinsi mtoto wa mkulima wa Zombo alivyofikia kula mkate kwa kupamba nyumba ambazo hazipo. Naomba mnivumilie. Jambo hili linagusa fedha mnazochanga kila mwezi kwa ajili ya kuwajengea wazazi wenu, na linagusa pia heshima ya wazazi hao.

Nianze na maana. Sote tunaijua barua pepe. Ni barua kamili, ina mwandishi na mwandikiwa, ila haina karatasi wala stempu. Basi na nyumba ninayoisema ni nyumba pepe. Ina vyumba, milango, madirisha, vitanda na mapazia, ila haina tofali hata moja. Unaiona katika kioo cha kompyuta, unaingia mlangoni, unapita ukumbini, unageuka kushoto ukaona chumba cha kulala. Hupendi rangi ya ukuta? Unaibadilisha. Kabati limeziba dirisha? Unalisogeza. Hakuna fundi wa kumlipa kwa kubomoa.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1991 moto mkubwa uliteketeza nyumba nyingi katika mji wa Oakland, kule California, Marekani. Miongoni mwa walioungua nyumba alikuwa Will Wright, mtungaji wa michezo ya kompyuta. Alipolazimika kuanza upya kununua vitu vya nyumbani alianza kufikiri ni vitu gani mtu anavihitaji hasa, na kwa nini. Mawazo hayo yalikuwa moja ya mizizi ya mchezo uitwao The Sims, uliotolewa mwaka 2000, ambao mchezaji hujenga nyumba, huitia samani, na kuangalia watu wadogo wakiishi humo. Hapa pana jambo moja ambalo naomba mlishike, maana hotuba yangu yote imesimama juu yake. Mwanzoni mchezo ule ulikusudiwa uwe wa kujenga nyumba tu. Wale watu wadogo walitiwa ndani ili waipime nyumba. Wakijikwaa, wakikosa pa kukaa, wakichoka, basi nyumba ilikuwa mbaya hata kama ilipendeza macho.

Mwaka huo huo wa 2000 ilitoka programu ya SketchUp, ambayo wachoraji wengi wa majengo wameitumia tangu hapo. Mwaka 2003 ukaja ulimwengu wa kompyuta uitwao Second Life, ambamo watu hupata viwanja, hujenga, na kuuziana makochi na mapazia yasiyoshikika kwa fedha ambazo huweza kubadilishwa zikawa dola za kweli. Mwaka 2006 Mfaransa mmoja, Emmanuel Puybaret, alitoa programu iitwayo Sweet Home 3D, ambayo hutolewa bure na ambayo, ukishaiweka katika kompyuta, inafanya kazi bila intaneti. Kwa watu wa vijijini hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, nami nitairudia.

Sasa, ndugu zangu, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba programu hizi huja na ghala la vitu vilivyokwisha chongwa. Unafungua ghala, unachagua kochi, meza, kitanda, jiko, ua la chunguni. Lakini vitu hivyo vilichongwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa kufuata maisha yao. Tafuta humo kinu na mchi. Tafuta mbuzi ya kukunia nazi, jamvi, kigoda, mtungi, au kile kitanda chetu cha kamba kiitwacho teremka tukaze. Mara nyingi hutavipata. Basi kijana wa mjini anayetaka kumpendeza mteja hupamba kwa vilivyopo. Picha inatoka inang'aa kama hoteli, mteja anaitazama katika simu yake, anatikisa kichwa kwa furaha, na nyumba inajengwa hivyo hivyo. Na wale watakaoilala hawakuulizwa.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwangu mwenyewe, kwetu Zombo, kati ya Kilosa na Mikumi. Miaka michache iliyopita sisi watoto wa mama mmoja tulikubaliana kumjengea nyumba mpya. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, na magoti ya mama yalikuwa yameanza kumsumbua. Tulichanga, tofali zikachomwa, zikapangwa chini ya mwembe. Kaka yangu mkubwa alinunua mchoro mjini, pamoja na picha zake za rangi. Sebule ilikuwa na makochi makubwa, dari la jipsamu lenye taa za kujificha, jiko la ndani lenye meza ndefu ya kisasa, na ukutani nyungo nne zimetundikwa kama mapambo.

Msidhani nataka kumsema kaka yangu. Hoja yake ilikuwa ya haki. Alisema: "Mama amekula moshi wa kuni miaka hamsini. Kwa nini na yeye asikae kama mama za watu wa mjini?" Hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu. Mimi nilisema jambo moja tu, kwamba kabla ya kuchimba msingi mama naye aione. Kaka akasema mama hajui kusoma ramani. Nikamjibu kwamba hatasoma ramani, ataingia ndani ya nyumba.

Basi niliuingiza mchoro ule wote katika kompyuta, kuta kwa vipimo vyake na samani kwa vipimo vyake. Katika Sweet Home 3D kuna mtu anayetembea ndani ya nyumba kwa niaba yako, na urefu wake unaweza kuupanga. Nilimpima mama kwa futi kamba, nikaweka macho ya yule mtu sawa na macho ya mama. Hili si jambo dogo. Picha nyingi za matangazo hupigwa kutoka kona ya juu, ili chumba kionekane kipana. Mtu hatazami sebule yake kutoka darini.

Jioni moja nikaketi na mama barazani, kompyuta juu ya kigoda, shangazi na majirani wawili wakiwa nyuma yetu. Mama alicheka kwanza. Akasema, "Haya, baba, nipitishe kwangu." Tukaingia mlango wa mbele. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Mlango huu ukiwa wazi, mgeni anakiona kitanda changu?" Nikasimamisha, nikamgeuza yule mtu. Kweli, mlango wa chumba chake ulitazamana na mlango wa mbele, na kitanda kilionekana chote. Katika ramani ya karatasi sote tulikuwa tumeipita milango ile miwili bila kuona neno.

Tukaenda jikoni. Akauliza kuni zitawekwa wapi na moshi utatokea wapi. Nikamweleza kwamba ni jiko la gesi. Akasema gesi ni nzuri kwa chai ya asubuhi, ila maharage ya watu kumi yatapikwa wapi, na gesi ikiisha wakati wa masika? Akauliza magunia ya mpunga yatakaa wapi. Katika mchoro stoo haikuwapo kabisa. Kisha akaziona zile nyungo ukutani. Akauliza, "Na hizi nani kazitundika huko juu? Nitapepeta na nini?" Majirani wakacheka sana, hata kaka yangu, aliyekuwa akisikiliza kwa simu kutoka mjini, akacheka.

Lakini swali lililotunyamazisha sote lilikuwa la sebuleni. Mama aliyatazama yale makochi, akasema, "Alipofariki baba yenu walilala ndani wanawake ishirini na wawili, siku tatu. Siku yangu mimi watalala wapi?"

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo hesabu tulizofundishwa katika shule hii zilipofanya kazi. Sebule ile ilikuwa na mita 4 kwa mita 4.5, yaani mita za mraba 18. Kochi la watu watatu, la watu wawili, mawili ya mtu mmoja mmoja, meza ya katikati na kabati la televisheni vilikula karibu mita za mraba 7. Zilizobaki zilikuwa vinjia vya kupita. Mtu mmoja aliyelala juu ya jamvi anahitaji kama mita 1.8 kwa sentimita 60, yaani mita ya mraba moja na kidogo. Watu 22 wanahitaji karibu mita za mraba 24. Hata tukiyatoa makochi yote sebule haitoshi. Na yale makochi makubwa yalikuwa na upana wa sentimita 90, mlango wenyewe ulikuwa na sentimita 80. Kila msiba yangebidi kupinduliwa na kubebwa upande upande, au kubaki ndani watu walale nje.

Tulikaa pale saa mbili. Tukasogeza mlango wa chumba cha mama. Tukaongeza baraza ya mbele yenye mita 2 kwa mita 6, iliyoezekwa, inayofunguka kutoka sebuleni kwa mlango wa mbao mbili. Ukifungua mbao zote, sebule na baraza vinakuwa kitu kimoja chenye mita za mraba 30. Tukapunguza chumba cha wageni kidogo tukapata stoo. Jiko la gesi likabaki ndani, kama kaka alivyotaka, na nyuma ya nyumba tukaweka banda la jiko la kuni, lenye kuta fupi ili upepo upite. Makochi tukachagua ya mbao na mito, ambayo vijana wawili wanayainua. Choo kikaingia ndani kwa sababu ya magoti ya mama, na mlango wake tukaupa sentimita 90 na mshikio ukutani.

Na msije mkafikiri kwamba mama alikuwa akitetea ukale. La hasha. Sisi tulidhani atataka sakafu ya saruji tu. Akasema anataka marumaru, maana hupigwa deki upesi na funza hawakai humo, lakini zisiwe za kuteleza. Rangi ya ukuta tulimwonyesha nne, akachagua ya kijani kibichi hafifu ambayo hakuna kati yetu angeichagua. Mapambo ya kisasa aliyapenda. Alichokataa ni kuwa mgeni ndani ya nyumba yake.

Kila badiliko lilichukua dakika chache. Kama maswali hayo yangeulizwa baada ya kuezeka, tungebomoa kuta tatu, au, kama ilivyo desturi yetu, tusingebomoa chochote, na mama angeishi humo kwa kuvumilia na kutushukuru. Wangapi kati yetu tumewajengea wazazi nyumba nzuri, kisha tukienda likizo tunawakuta wamekaa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha zamani? Wazazi hawatusemi. Wanatuombea dua.

Sasa niseme na ninyi vijana juu ya namna ya kuifanya kazi hii, maana wengine mna hamu ya kujifunza.

Jambo la kwanza ni kupima. Kompyuta haijui nyumba yenu, inajua tarakimu. Kila kitu kilichomo katika ulimwengu ule kina namba tatu, kwenda mbele, kwenda pembeni na kwenda juu. Ni ile ile grafu ya mwalimu wa hesabu, ila imeongezewa mhimili mmoja. Kochi unaloliona limevimba vizuri limeundwa kwa pembetatu nyingi ndogo ndogo. Zikiwa nyingi mno kompyuta dhaifu hukwama. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya zamani achague vitu vyepesi, asijaze nyumba maua.

Jambo la pili ni jua. Zombo ipo karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, limeinama kama nyuzi 30 kutoka utosini. Mwezi Desemba huhamia kusini, limeinama kama nyuzi 16 tu. Lakini asubuhi na alasiri, mwaka mzima, jua hupiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja. Kwa hiyo madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, chini ya ukingo wa bati, na upande wa magharibi pawe na ukuta mfupi au kivuli cha mti. Programu nyingi hukuruhusu kuweka mahali nyumba ilipo duniani, pamoja na mwezi na saa, kisha unaona mwanga unavyoingia. Msipoweka, kompyuta yaweza kuwapa jua la nchi nyingine.

Jambo la tatu ni kujua yale ambayo kompyuta haiyasemi. Haisemi joto la bati saa nane mchana. Haisemi vumbi, wala popo, wala kelele za mvua juu ya paa lisilo na dari. Wala haisemi maji. Sote tunayakumbuka mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa nyumba na kuiharibu reli. Katika kioo cha kompyuta kiwanja chochote ni kikavu. Lazima uwaulize wazee maji yalifika wapi, ndipo uinue msingi.

Jambo la nne ni lile ghala la vitu. Kama hatuna vinu wala majamvi katika ghala, dawa yake ni kuvichonga sisi wenyewe. Kipo kielelezo. Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipeleka mitambo ya mwanga wa leza kule Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, wakayapima magofu na kuyaingiza katika kompyuta. Magofu ya Songo Mnara ni pamoja na nyumba za watu, zenye vyumba vyake na kuta zake, zilizojengwa karne nyingi kabla ya babu zetu. Ni kazi njema sana. Lakini tusingoje nyumba ya bibi iwe gofu ndipo ipimwe. Kupima kigoda, kinu au teremka tukaze hakuhitaji leza. Kunahitaji futi kamba, daftari, na kijana mwenye subira.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijaketi, napenda kuleta mapendekezo matatu. Kwanza, Chama kiipatie shule kompyuta mbili, hata zilizotumika, maana programu yenyewe ni ya bure na haihitaji intaneti kila siku. Mimi niko tayari kuja likizo ya Juni kuwafundisha wanafunzi watakaojiandikisha. Pili, kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aende nyumbani akapime nyumba moja na vitu vyake vyote, arudi na daftari lake, na vitu hivyo vichongwe na kuwekwa katika ghala la shule, ili yeyote anayepanga nyumba ya Kitanzania avichukue. Tatu, sisi wakubwa tunaojenga vijijini tukubaliane kwamba mchoro hautapelekwa kwa fundi kabla ya yule atakayekaa humo kupitishwa ndani yake, kwa macho yake mwenyewe na kwa urefu wake mwenyewe.

Nyumba ya mama sasa imeezekwa. Dari bado, na mlango mmoja wa stoo bado. Marumaru zimelipwa zote na kaka yangu, ambaye ndiye aliyezichagua pamoja na mama kwa simu. Atakayefika Zombo akaribie barazani. Nafasi ipo.

Naomba kutoa hoja.